Mwanafunzi wa Mwisenge na Visiwa vya Vanuatu

Mtoto wa Kamunyonge hahitaji kuelezwa kisiwa ni nini. Rukuba na Ukerewe anazisikia kila siku, na dagaa anawajua. Kwa hiyo ukitaka kumsimulia habari za Vanuatu, nchi ya visiwa themanini na ushei katika Bahari ya Pasifiki, usianze na ramani. Anza na Shule ya Mwisenge, hapahapa Musoma, ambako mwaka 1934 alipokelewa mtoto wa miaka 12 kutoka Butiama: Julius Nyerere.

Wakati huo Vanuatu iliitwa New Hebrides, na tangu 1906 ilitawaliwa na wakoloni wawili kwa pamoja, Uingereza na Ufaransa. Hapo watoto watakodoa macho, na wana haki. Polisi wa namna mbili, sheria za namna mbili, shule za Kiingereza na za Kifaransa. Mwenyeji mwenyewe hakuwa raia wa huku wala wa kule. Mashamba makubwa ya minazi yalikuwa ya walowezi.

Juni 1974 wapigania uhuru wa visiwa hivyo walihudhuria Mkutano wa Sita wa Umajumui wa Afrika, Dar es Salaam. Mmoja wa waandaaji wake, mhandisi Pauulu Kamarakafego wa Bermuda, alikwenda New Hebrides mwaka uliofuata kuwafundisha wanavijiji ufundi. Wakoloni walipomfukuza, wananchi walimiminika uwanja wa ndege kuizuia ndege isiruke naye.

Uhuru ulipatikana tarehe 30 Julai 1980. Waziri Mkuu wa kwanza, Walter Lini, alikuwa kasisi wa Kianglikana, mzaliwa wa kisiwa cha Pentecost. Siasa yake aliiita ujamaa wa Kimelanesia, na fikra za Mwalimu Nyerere zilikuwa miongoni mwa chemchemi zake. Lakini hawakunakili. Sisi ardhi yetu ni ya umma, chini ya udhamini wa Rais. Katiba yao iliirudisha kwa wenyeji wanaoimiliki kimila. Kwangu mimi hilo ndilo la kumkazia mtoto: walichukua wazo kutoka mbali, wakalishona upya kwa kimo chao.

Mfundishe na neno moja la Kibislama, lugha yao ya taifa, ambayo jina lake limetokana na biashara ya jongoo bahari. Mtoto kwao ni pikinini.

Walter Lini alifariki Februari 1999. Oktoba mwaka huohuo, Butiama ilimzika Mwalimu.