Kazi isiyo na mwisho: historia fupi ya video, kutoka kibandani mpaka chaneli yetu



Wengi mmetuuliza mbona chaneli yetu ilinyamaza kuanzia Juni mpaka Oktoba mwaka 2022. Wengine wakasema tumeshapanda ndege, tuko Marekani. Hapana, hatukuenda popote. Tulikuwa hapa hapa, tumechoka. Dada yetu aliyekuwa anakata na kuunganisha video zote alifika mahali simu ikilia anatetemeka. Mama yake alitufuata chini ya mwembe tunapokutania, akasema: "Wanangu, mimi sijui hiyo mashine yenu inataka nini, lakini mtoto wangu halali wala hali. Mwachieni." Hakuna aliyejibu. Tuliangalia chini tu, maana sisi ndio tulikuwa tunampigia saa tano za usiku kumuuliza, "Imeisha?"

Tangu siku ile tunajiuliza: kwani watu wa video wa zamani nao walichoka hivi? Tukawauliza wazee wa vibanda, tukasoma, tukabishana. Haya ndiyo tuliyoyapata, na hayakuwa yale tuliyotegemea.

Tuanze na kibanda. Kila mmoja wetu alikijua kabla ya kujua intaneti, wengine kule Congo, Ingbokolo na Aba, wengine huku huku Koboko na Arua. Nyumba ya matete au ya mabati, mabenchi, televisheni moja, jenereta nyuma inanguruma, na nje kibao kilichoandikwa kwa chaki filamu ya leo. Mbele anakaa yule wa kutafsiri, ambaye hapa Uganda tunamwita VJ. Filamu inasema Kiingereza au Kichina, yeye anaisema upya kwa lugha ya watu, anaongeza utani, anawapa waigizaji majina ya mtaani. Kampala walikuwa na VJ Jingo, Tanzania walikuwa na Lufufu, Kenya wana DJ Afro. Hiyo ni kazi ya sauti na ya akili, masaa mengi kwa siku.

Mzee mmoja aliyekuwa na kibanda upande wa Congo kabla ya kukimbia, tulimuuliza kama hakuchoka. Akacheka. "Mtachokaje? Petroli ikiisha, filamu imeisha. Watu wanaenda kulala na mimi naenda kulala." Siku ile tuliona ni utani wa wazee tu.

Sasa twende Kampala, mtaa wa Wakaliga. Pale ndipo Isaac Nabwana alianzisha Ramon Film Productions mwaka 2005, jina alilolitoa kwenye majina ya bibi zake wawili, Rachael na Monica. Mtoto wa Wakaliga, alifyatua matofali kupata pesa. Alijiandikisha kusoma mambo ya kompyuta lakini pesa ilitosha mwezi mmoja tu, mengine akajifundisha mwenyewe. Mwaka 2010 akatoa Who Killed Captain Alex?, filamu ya mapigano iliyopigwa kwa pesa ambayo wenyewe wanasema haikufika dola 200. Bunduki zilikuwa za vyuma chakavu. Waigizaji walikuwa majirani waliojitolea. Kipande kidogo cha kuitangaza kikawekwa Youtube, na dunia nzima ikakiona. Mmarekani mmoja, Alan Hofmanis, alikitazama akapanda ndege kutoka New York, na baadaye akahamia kabisa. Mwaka 2015 waliomba watu wawachangie dola 160 kwenye intaneti, wakapata zaidi ya 13,000. Mwaka 2019 filamu yao Crazy World ilioneshwa kwenye tamasha la Toronto, Kanada.

Hiyo ndiyo sehemu ambayo kila kijana mwenye simu anaipenda. Sisi pia tuliipenda, tukaisimulia kwenye mikutano kama ushahidi kwamba ukikaza utatoka. Lakini kuna sehemu nyingine ambayo hatukuitilia maanani. Wakaliga hawakuwa wanaishi kwa Youtube. Waliuza DVD, na waigizaji wenyewe walitembea nyumba kwa nyumba kuziuza, wakibaki na sehemu ya bei. Walikuwa na kama wiki moja tu kabla wezi wa kunakili hawajajaza soko. Wiki ikipita, filamu hiyo imekwisha, haiuziki tena. Na nafasi kwenye kompyuta ilikuwa ndogo hivi kwamba Nabwana alifuta Captain Alex ili apate pa kutengenezea filamu iliyofuata. Tunayoitazama leo imetoka kwenye nakala ya DVD, na sauti ya VJ Emmie juu yake.

Tusidanganyane, Nabwana hakuwa mtu wa kupumzika. Filamu zake zimepita arobaini, na umeme wa mtaani ulikuwa unampa homa kama unavyotupa sisi. Lakini kila kazi yake ilikuwa na mwisho. Imepigwa, imeuzwa, imefutwa. Kesho ni nyingine. Hapo tulikumbuka petroli ya mzee wetu, na safari hii hatukucheka.

Youtube yenyewe haikuanza kama shamba la kulima usiku na mchana. Video ya kwanza iliwekwa tarehe 23 Aprili 2005, ina sekunde 19, kijana Jawed Karim amesimama mbele ya tembo kwenye bustani ya wanyama. Basi, hiyo tu. Mwaka 2007 kampuni ikaanza kugawana pesa ya matangazo na baadhi ya wenye chaneli. Mwaka 2012 ikabadilisha hesabu: video isipendekezwe kwa sababu imebonyezwa mara nyingi, ipendekezwe kwa muda ambao watu wamekaa wakiitazama. Halafu Januari 2018 ikatangaza sharti jipya la kupata pesa, yaani wafuasi 1,000 na masaa 4,000 ya kutazamwa ndani ya miezi 12. Siku hizi kuna ngazi ya chini zaidi ya kuingilia, lakini kwa wenye video ndefu kama zetu, pesa ya matangazo bado inadai masaa hayo.

Ebu soma tena: ndani ya miezi 12. Masaa ya mwaka jana yanaanguka kama majani makavu. Ukipumzika, huendi mbele, na wala hubaki pale ulipo. Unarudi nyuma. Hii ndiyo mashine aliyokuwa anaisema mama yule bila kuijua jina. Mwaka huo huo wa 2018 wenye chaneli kubwa za ulaya na Amerika walianza kusema hadharani kwamba wamechoka. Kijana mmoja wa Kanada, Elle Mills, aliweka video Mei 2018 akisema amechoka kabisa na ana miaka 19 tu. Yeye alikuwa na umeme, intaneti nzuri na wafuasi zaidi ya milioni. Sisi tulikuwa na laptop moja yenye betri iliyokufa.

Na sisi tuliingia kwenye mambo haya kwa njia yetu. Mkimbizi alikuwa na shida hata ya kusajili laini ya simu kwa jina lake mpaka Agosti 2019, mamlaka ya mawasiliano ya Uganda iliporuhusu makaratasi ya ukimbizi yanayotolewa na Ofisi ya Waziri Mkuu. Kabla ya hapo unatumia laini ya jirani, akikasirika ameondoka na akaunti yako. Kulikuwa pia na ile kodi ya shilingi 200 kila siku kwa kuingia kwenye mitandao, iliyoanza Julai 2018. Ilipoondolewa Julai 2021 ikaja asilimia 12 juu ya MB. Machi 2020 shule zikafungwa kwa sababu ya korona na hazikufunguka zote mpaka Januari 2022. Karibu miaka miwili vijana tumekaa. Ndipo chaneli ikazaliwa: mapishi ya sombe, nyimbo za kanisani, hadithi za mababu kwa Kikakwa na Kiswahili, jinsi ya kutengeneza jiko la udongo. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa siku kadhaa nchi nzima, na Facebook ikafungwa na haikurudi. Nguvu zote tukazihamishia Youtube.

Mwanzoni ilikuwa furaha, tusiseme uongo. Shida ilianza tulipofanya hesabu. Masaa 4,000 ni dakika 240,000. Mtazamaji wetu wa kawaida alikuwa anakaa dakika tatu, kisha MB zinaisha. Kwa hiyo tulihitaji kutazamwa mara 80,000 kwa mwaka. Bidibidi kule Yumbe ina watu zaidi ya 200,000. Lobule ni kambi ndogo, iliyoanza 2013, ya sisi Wacongo wa mpakani. Hata kila mtu angetutazama pamoja na mtoto wa mgongoni, isingefika. Badala ya kuisoma hesabu hiyo na kuiacha, tukasema tutatoa video tatu kila wiki. Usituulize nani aliisema kwanza. Sote tulipiga makofi.

Na hata ungefika, kuna mlima mwingine. Pesa hailipwi mpaka ifike dola 100, na ikifika dola 10 wanakutumia kwa posta barua yenye namba ya siri kuhakikisha anwani yako. Anwani ya mtu wa kambini ni ipi, wandugu? Blok na namba ya kiwanja?

Juu ya hayo kuna mashirika. Hapa tunasema kwa heshima, maana baadhi yenu mnaosoma mnafanya kazi huko na mmetusaidia. Kuna mwaka tuliletewa ombi tarehe 16 Juni: tunataka video ya Siku ya Wakimbizi, ya tarehe 20. Siku nne. Malipo yalikuwa soda na fulana. Dada yetu alikesha siku tatu mfululizo dukani kwa mtu mwenye sola. Video ilioneshwa, watu wakapiga makofi, wiki iliyofuata yeye hakuweza kuamka. Hakuna aliyemlazimisha, ndiyo. Lakini nani kambini anajua kusema hapana kwa gari lenye nembo?

Kuhusu uchovu wa namna hii tulipata jambo lililotushtua. Mtu aliyeuingiza kwenye vitabu vya saikolojia alikuwa mkimbizi. Herbert Freudenberger alizaliwa Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1926, katika familia ya Kiyahudi. Akiwa mtoto tu aliwakimbia Wanazi, akafika New York bila wazazi wake. Alifanya kazi kiwandani, akasoma usiku, akawa daktari wa saikolojia. Miaka ya 1970, akimaliza wagonjwa wake wa mchana, alikuwa anaenda kujitolea kwenye kliniki ya bure ya vijana maskini mpaka usiku mkubwa. Akaona wenzake wa kujitolea wanabadilika: wanakuwa wakali, wanalia, wanawachukia watu waliokuja kuwasaidia. Mwaka 1974 akaandika makala kuhusu hilo, na yeye mwenyewe alikuwa mmoja wao. Neno alilolitumia lilikuwa la mtaani, walivyoitwa watu waliounguzwa na madawa ya kulevya. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliuandika rasmi kama tatizo linalotokana na kazi, siyo ugonjwa.

Aliwaandikia watu wa kujitolea. Yaani sisi, na ninyi wa mashirika pia, mnaopokea simu zetu saa nne za usiku. Kliniki ile nayo haikuwa na petroli ya kuisha. Wahitaji hawakuisha.

Sisi tunasema "kuzima", kama simu. Dada alisema siku aliporudi: "Sikuwa mvivu, nilikuwa nimezima." Tulimwomba msamaha mbele ya mama yake.

Sasa tumefanya nini? Hatujapata dawa, na masaa 4,000 hatuna. Tumerudisha kibanda. Video moja kwa wiki mbili, kwanza inaoneshwa Jumamosi kwa memori kadi kwenye kibanda cha trading senta, shilingi 300, watoto bure. Pesa inagawanywa papo hapo, na anayekata anapata sehemu kubwa kuliko anayeonekana usoni. Hilo liliamsha ugomvi wa wiki mbili na mwenzetu mmoja akatoka. Bado tunamsikitikia, alikuwa mchekeshaji mzuri. Baada ya Jumamosi ndipo video inaenda Youtube, na anayesoma namba ni mtu mmoja, mara moja kwa mwezi, anatusomea kama barua. Msimu wa kupanda hatupigi video, tunalima. Ombi la shirika tunalipokea kwa siku 14 na kwa malipo yaliyoandikwa. Moja limekubali. Mawili hayajarudi.

Wafuasi wamekuwa 640. Wakati wa zile video tatu kwa wiki walikuwa 410.

Dada anakata video Jumanne na Jumatano, jua likiwa kali kwenye sola. Saa kumi na mbili jioni laptop inafungwa, hata kama mtu amekatwa katikati ya neno. Jumamosi hii kuna video ya mzee wa petroli, anaeleza jinsi walivyobeba televisheni kichwani kuvuka mpaka. Inaanza saa kumi jioni, kama jenereta itakubali.