Siku ya Theluji: Himachal Pradesh Yawa Jimbo

Hapa uliposimama, uwanja wa Ridge mjini Shimla, theluji ilikuwa ikianguka tarehe 25 Januari 1971. Umati haukujali. Waziri Mkuu Indira Gandhi alikuwa akitangaza kwamba Himachal Pradesh sasa ni jimbo kamili, la 18 katika India.

Safari yenyewe ilikuwa ya milimani kweli: unapanda, unateremka, unapanda tena. Mwaka 1948 falme ndogo za Himalaya zipatazo 30 ziliunganishwa na kuwekwa chini ya serikali kuu ya Delhi. Kisha tume ya kupanga upya majimbo ikapendekeza eneo lote limezwe na Punjab. Mwenyekiti wake, Fazl Ali, akawapinga wenzake. Himachal ikanusurika, ila si bure: mwaka 1956 ilinyang'anywa baraza lake la kutunga sheria, ikarudishiwa 1963. Y. S. Parmar, mwanasheria mzaliwa wa Sirmaur, hakuchoka kudai hadhi ya jimbo, na ndiye aliyekuwa waziri kiongozi siku ile ya theluji.

Punjab ilipogawanywa mwaka 1966, wilaya za milimani kama Kangra na Kullu zililetwa huku. Hata Shimla yenyewe, ajabu ya mambo, ilikuwa ya Punjab mpaka mwaka huo, ingawa Himachal iliongozwa kutoka hapa hapa.

Chini ya miguu yako kuna tangi kubwa la maji lililojengwa enzi za Waingereza. Umati wa 1971 ulisimama juu yake.