Kitabu kiko mezani: Safari ndefu ya somo la kwanza la Kifaransa

Mwanagenzi wa Kifaransa, awe Nairobi au Kampala, haanzi na mashairi. Anaanza na meza. Juu ya meza pana kitabu, chini ya meza pana paka, mbele ya dirisha pana kiti, nyuma ya mlango pana begi. Anafundishwa un livre, une table. Kisha le livre, la table. Kisha il y a. Kisha vihusishi sur, sous, dans, devant, derrière. Baada ya majuma mawili matatu anaweza kukuelezea chumba kizima ilhali bado hajui kuomba maji ya kunywa. Wanafunzi hulicheka jambo hili, na wana haki ya kucheka. Ila somo hilo la meza na paka ni kongwe kuliko wanavyodhani, na ndani yake mna mgogoro ambao haujaisha hadi leo. Ni nani huamua kwamba neno fulani ni la msingi? Na lugha ya mwanafunzi mwenyewe hukaa wapi mwalimu anapoanza kazi?

Tuanze Uingereza, wala si Ufaransa. Walio mbioni kununua vitabu vya kujifunzia Kifaransa hawakuwa Wafaransa, walikuwa majirani zao. Wanormani walipoivamia Uingereza mwaka wa 1066 walikuja na Kifaransa chao, kikawa lugha ya ikulu, ya mahakama na ya wenye ardhi. Vizazi vikapita. Kufikia katikati ya karne ya 13 watoto wa makabaila hao walikuwa wakiongea Kiingereza tangu utotoni, na Kifaransa kikawa kitu cha kufundishwa, tena kwa juhudi. Ndipo kabaila mmoja kwa jina Walter de Bibbesworth alipoandika utungo wa kumsaidia Bi Dionisie de Munchensi kuwafunza watoto wake. Utungo wenyewe huitwa Tretiz, nao umetungwa kwa mishororo ya vina, jambo ambalo sisi wa pwani na bara tuliolelewa na tenzi tunalielewa vizuri: kilicho na vina hakitoki kichwani upesi.

Bibbesworth anaanza na mtoto anayezaliwa. Anataja viungo vya mwili, kisha mavazi, kisha chakula. Halafu anatoka nje: milio ya wanyama, kulima kwa plau, kusokota kitani, kuoka mkate, kupika pombe, kuvua samaki, hali ya hewa, kujenga nyumba. Anamalizia kwa karamu. Huyu hakutaka mtoto aweze tu kusalimia wageni. Alitaka bwana shamba na bibi nyumba wa kesho, watu watakaosimamia mali na kuandikiana barua za hesabu, hivyo waweze kuita kila kilicho mbele ya macho yao kwa jina lake. Na angalia alivyofanya, maana hapa ndipo hoja yangu itakaporudi: katikati ya mishororo ya Kifaransa mliandikwa maneno ya Kiingereza ya kufafanua yale magumu. Lugha ya mtoto ilipewa nafasi kwenye ukurasa, japo kwa herufi ndogo.

Hata sarufi iliyomsumbua Bibbesworth ndiyo inayowasumbua wanafunzi wetu. Kifaransa kina ngeli mbili tu za nomino, ya kiume na ya kike, na kibainishi hubadilika kulingana nazo. Le livre ni kitabu, la livre ni ratili. Le lièvre ni sungura, la lèvre ni mdomo. Kwa tahajia ya zama zile maneno hayo manne yalikaribiana mno, na Bibbesworth aliyapanga pamoja makusudi ili mwanafunzi aone kwamba le na la si pambo. Ukiteleza hapo umemtia mtu sungura mdomoni. Sijaona mfano bora zaidi katika vitabu vya karne saba zilizofuata, na nimevisoma si haba.

Mbona basi meza iwe ya kike na kitabu kiwe cha kiume? Walimu wengi hujibu, "Kariri tu." Jibu hilo si uongo, lakini limeacha historia nje. Kilatini, ambacho ndicho mzazi wa Kifaransa, kilikuwa na jinsia tatu na hakikuwa na vibainishi vya aina ya le na un. Viashiria ille na illa, vilivyokuwa na maana ya 'yule', vilichakaa vinywani mwa watu hadi vikawa le na la. Unus, 'moja', kikawa un. Jinsia ya tatu, ile isiyo ya kike wala ya kiume, ikafa, na nomino zake zikatawanyika kwa jirani kama watoto wa boma lililobomoka. Jani kwa Kilatini lilikuwa folium, na majani yalikuwa folia. Kwa kuwa nomino nyingi za kike za umoja ziliishia kwa -a, wasemaji waliichukulia folia kuwa nomino ya kike ya umoja, na leo Mfaransa husema la feuille bila kujua kwamba babu zake walisikia wingi wakadhani ni umoja.

Kabla ya kuwacheka, tukumbuke neno kitabu lenyewe. Waarabu wanasema kitāb, na wingi wake ni kutub. Sisi tukasikia ki- mwanzoni, tukaitia katika ngeli ya KI-VI, tukapata vitabu. Tulifanya kosa lile lile la Wafaransa, na hakuna mwalimu wa Kiswahili mwenye akili timamu atakayekuambia leo useme kutub.

Il y a nayo ina kisa chake. Neno kwa neno ni kama kusema 'yeye hapo ana'. Kitenzi ni avoir, kuwa na. Katika Kifaransa cha kale lile il mara nyingi halikuwapo kabisa. Walisema tu a au i a, na kiima hicho kisicho na mtu nyuma yake kikaja kukita mizizi baadaye. Mwanafunzi aliyefundishwa kupitia Kiingereza hushangaa: mbona Wafaransa hutumia kitenzi cha kumiliki kusema kwamba kitu kipo? Kiingereza hutumia kitenzi cha kuwa. Lakini hebu tazama Kiswahili. Kuna kitabu. Pana kitabu. Mna kitabu. Hiyo -na ni ile ile ya nina, una, ana. Sisi pia tunasema mahali 'pana' kitu. Sisi pia tumejenga uwepo juu ya umilikaji. Tena tumewazidi, maana tuna ku-, pa- na m- za kutofautisha mahali pa jumla, mahali hasa na mahali pa ndani, ilhali Mfaransa ana y moja tu ya kubeba zote, kisha inambidi aongeze dans akitaka kukuonyesha kwamba kitu kimo ndani.

Turudi kwenye safari. Karne ya 16 ilileta ugomvi wa wazi. John Palsgrave, mzaliwa wa London aliyemfundisha Kifaransa Mary, dadake Mfalme Henry VIII, alichapisha mwaka wa 1530 kitabu kikubwa ajabu kiitwacho Lesclarcissement de la langue francoyse. Jina ni la Kifaransa lakini maelezo ni ya Kiingereza, na sehemu kubwa yake ni orodha za maneno kutoka Kiingereza hadi Kifaransa. Alikilinda kama mganga anavyolinda dawa zake, hakutaka kiuzwe kiholela walimu wengine wakamnyang'anya riziki. Mpinzani wake, Giles du Wes, Mfaransa aliyemfundisha bintiye mfalme, alidharau wageni wanaojifanya kutunga kanuni za lugha wasiyonyonya. Mabishano hayo ya nani ana haki ya kufundisha lugha, mwenyeji wake au aliyeisomea, bado tunayasikia katika mahojiano ya kazi.

Comenius, mwalimu kutoka Moravia, alichapisha Orbis Sensualium Pictus kule Nuremberg mwaka wa 1658. Kitabu hicho kilikuwa na picha, na kila kitu katika picha kikapewa nambari na jina kwa Kilatini na Kijerumani. Matoleo ya baadaye yaliongeza Kifaransa na lugha nyingine. Kila picha ya darasa yenye mishale na majina ambayo umewahi kuiona ni mjukuu wake. Kisha mwaka wa 1878 Maximilian Berlitz akafungua shule yake Providence, Marekani. Inasimuliwa kwamba aliugua, akamwachia darasa msaidizi Mfaransa, Nicholas Joly, asiyejua Kiingereza. Alipopona alikuta wanafunzi wanaongea. Joly alikuwa akinyooshea vitu kidole na kuvitaja. Kuanzia hapo ukazaliwa mtindo wa kupiga marufuku lugha ya mwanafunzi darasani, na mwaka wa 1902 serikali ya Ufaransa nayo ikaidhinisha njia ya moja kwa moja katika ufundishaji wa lugha za kigeni shuleni mwake. Kwa njia hii meza, kiti na dirisha vilipata umaarufu mpya kwa sababu rahisi sana: ndivyo vilivyokuwa karibu na kidole cha mwalimu.

Hadi hapo maneno ya mwanzo yalichaguliwa kwa hisia za mwalimu. Mambo yalibadilika mwaka wa 1951, serikali ya Ufaransa ilipoanzisha kituo cha utafiti huko Saint-Cloud chini ya mwanaisimu Georges Gougenheim. Sababu hazikuwa za kitaaluma pekee. Kiingereza kilikuwa tayari na Basic English ya C. K. Ogden, iliyotangazwa mwaka wa 1930 ikiwa na maneno 850, na Paris haikutaka kuachwa nyuma. Tena kulikuwa na makoloni. Mamilioni ya Waafrika na Waasia walitarajiwa kujifunza Kifaransa, na wakuu walitaka njia ya mkato.

Gougenheim alikataa kukaa ofisini na kukisia. Yeye na wenzake walichukua vinasasauti, chombo kilichokuwa kigeni bado, wakarekodi mazungumzo ya watu 275. Walipata maneno 312,135 kwa jumla, lakini maneno tofauti hayakufika 8,000. Vitenzi être na avoir vilikuwa juu kabisa, na hapo il y a ya somo la kwanza ikapata cheti chake. Lakini wakagundua ajabu. Maneno ya vitu vya kila siku, aina ya uma wa mezani au stempu ya barua, yalionekana mara chache mno. Watu hula kwa uma kila siku na hawautaji. Ukifuata hesabu peke yake, utampa mwanafunzi lugha isiyo na sahani wala kijiko.

Suluhisho lao linanivutia kuliko takwimu zenyewe. Walienda shuleni, wakawapa watoto mada 16, na kwa kila mada mtoto akaandika maneno 20 ambayo angeona yana manufaa zaidi. Maneno yaliyotajwa na wengi yakaitwa maneno yaliyo tayari, yaani yanayokungoja kinywani hata kama hujayatumia mwaka mzima. Sasa sikiliza baadhi ya mada zenyewe: viungo vya mwili, mavazi, nyumba, vyakula, vyombo vya jikoni, kijiji, kazi za shambani, wanyama. Ni Bibbesworth huyo! Miaka 700 baadaye, kwa kinasasauti na hesabu, wataalamu walifika pale pale alipofika kabaila na vina vyake.

Orodha ilichapishwa mwaka wa 1954 kwa jina la français élémentaire, na ngazi yake ya kwanza ilikuja kuwa na maneno yasiyozidi 1,500. Moto ukawaka. Mwanaisimu Marcel Cohen na wenzake walitoa mwaka wa 1955 kitabu ambacho anwani yake ilikuwa swali na jibu: Français élémentaire? Non. Waliona kwamba mtu wa koloni anapewa lugha iliyokatwa mikono, ya kutosha kuamrishwa na isiyotosha kujibu. Mwaka wa 1959 jina likawa français fondamental, na kutoka kwenye orodha ile zikatungwa kozi za picha za ukutani na sauti za kanda, maarufu zaidi ikiwa Voix et images de France.

Mimi nadhani Cohen alikuwa sahihi kuhusu siasa na alikosea kuhusu orodha. Maneno 1,500 si gereza iwapo mlango umeachwa wazi. Kinachoniudhi ni kingine: Gougenheim aliwauliza watoto wa Ufaransa ni vitu gani vilivyo karibu nao, na majibu yao yakasafirishwa kuwa mazingira ya mtoto wa Afrika. Pamoja na hayo, kozi hizo zilifuata nyayo za Berlitz, zikakwepa lugha ya mwanafunzi.

Kwetu hali ni ya ajabu zaidi. Lugha ya mwanafunzi haikufukuzwa darasani moja kwa moja. Mara nyingi ilibadilishwa na Kiingereza. Mwalimu wa Kifaransa huwaeleza vijana wetu jinsia ya nomino kupitia lugha isiyo na ngeli, kisha analalamika kwamba hawaelewi upatanisho. Kijana huyo amekua akisema kitabu kikubwa kimeanguka, vitabu vikubwa vimeanguka. Mwambie kwamba un grand livre na une grande table ni upatanisho wa kivumishi na nomino, kama anavyofanya kila siku, ila Mfaransa ana ngeli mbili na yeye ana lukuki. Hatakuuliza kwa nini.

Zana nazo zipo. Padri Charles Sacleux, aliyeishi Unguja na Bagamoyo kwa miaka mingi, alituachia kamusi ya Kiswahili na Kifaransa iliyochapishwa Paris kati ya 1939 na 1941, na ni hazina ya majina ya vitu vya nyumbani, vyombo vya bahari na mimea. Burundi na mashariki mwa Kongo kuna watu wanaovuka kati ya lugha hizi mbili wakinunua nyanya sokoni. Mwalimu anayetaka kujaribu aanze na sentensi tatu tu ubaoni, Kiswahili juu na Kifaransa chini kama katika kurasa za Bibbesworth: mezani pana kitabu, uani kuna kuku, mtungini mna maji. Ile ya tatu itamlazimu aeleze kwa nini Mfaransa husema de l'eau wala si une eau, na hapo ndipo somo la pili linapoanzia.