Folda zote zilizaliwa Jumamosi

Leo turudi nyuma kidogo. Kuna mzee mmoja mpima ardhi aliyeniletea diski yake ya nje, ile ya FAT32, imeanza kukohoa. Nikamnakilia kila kitu kwenye diski mpya ya NTFS, nikalala usingizi mzuri. Jumatatu simu ikalia: "Kijana wangu, mbona mashamba yote nimeyapima Jumamosi?"

Nilipofungua, kweli. Faili zilikuwa na tarehe zake, lakini kila folda ilidai kuzaliwa Jumamosi saa mbili usiku. Na mzee hutambua kwa tarehe ya folda ni lini kazi ya shamba fulani ilifunguliwa. Mambo ya ardhi mnayajua wenyewe, hapo si pa kubahatisha.

Sasa, kwa nini faili zipone na folda ziumie? DOS ya kwanza, mwaka 1981, haikuwa na folda kabisa. Zilikuja na DOS 2.0 mwaka 1983, na folda ikafanywa kama faili ya aina yake, yenye nafasi ile ile ya tarehe: biti 7 za mwaka kuanzia 1980, biti 4 za mwezi na 5 za siku. Saa nayo ikapewa biti 16, lakini za sekunde zilibaki 5 tu, ndiyo maana FAT huhesabu sekunde mbili mbili. (Miaka yenyewe inaishia 2107, tutakuwa hatupo.)

La muhimu ni hili: kwenye FAT, ukitia faili mpya ndani ya folda, tarehe ya folda haibadiliki. Inabaki siku ilipoundwa. Watu wa Unix walikuwa na fikra nyingine. Kwao folda ni orodha ya majina, ukiongeza au kufuta jina umeibadilisha orodha, basi na tarehe inabadilika. NTFS ilipotoka na Windows NT mwaka 1993 ikafuata njia hiyo.

Ukinakili, faili husafiri na tarehe yake. Folda haisafiri. Programu huunda nyingine mpya upande wa pili kisha huijaza. Hata ukiirekebisha tarehe mapema, faili ya kwanza kuingia inaiharibu, kwa hiyo tar ya GNU husubiri mpaka mwisho ndipo irudishe tarehe za folda. Windows 95 na 98 hazikuruhusu hata programu kuifungua folda ili iguse tarehe yake. Robocopy iliyokuja na Windows Vista mwaka 2007 ilikuwa na /DCOPY:T ya kazi hiyo, na hadi leo usipoiandika herufi hiyo T, tarehe za folda hazibebwi. Mimi sikuiandika.

Vijiprogramu vya kuziba pengo hili vipo, mfano FoldersTimeUpdate ya Nir Sofer, ambayo huipa folda tarehe ya faili iliyobadilishwa mwisho ndani yake. Ni kazi safi, na kwa watu wengi inatosha. Kwa mzee ingekuwa balaa, maana ingempa siku aliyogusa kazi mara ya mwisho, naye anataka siku aliyoianza. Jibu lilikuwa kwenye diski inayokohoa tu.

Nikaiwasha tena roho mkononi, nikitumia Linux ya kwenye flashi, na skripti fupi ya mistari michache: pitia kila folda ya zamani, na kwa touch -r ipe ya upande wa pili tarehe hiyo hiyo. Hakuna kusoma faili zenyewe, kwa hiyo diski ilivumilia.

Jaribio la kwanza likanipa folda zilizochelewa saa tatu kamili! FAT huandika saa ya ukutani bila kusema ni ya wapi, na ile Linux ilikuwa kwenye saa ya UTC, hivyo saa za Nairobi ikazisoma kama za UTC. Kazi zilizofunguliwa baada ya saa tatu usiku zilikuwa zimerukia kesho yake. Nikaweka saa za Nairobi, nikarudia.

Mzee alipokuja kuchukua nikamwambia kwamba kwenye diski hii mpya, akiongeza faili moja tu, tarehe ya folda inaondoka. Akanitazama, akaketi, akaanza kuandika mwaka, mwezi na siku mbele ya jina la kila folda. Alimaliza jioni.