Karani wa Posta na Sanaa Iliyopita Mikononi Mwake

Waandishi wa historia ya sanaa wakitaka kueleza sanaa ya posta, yaani kazi za sanaa zinazotumwa kama barua, huanza na Ray Johnson wa New York. Mimi niliyekula mshahara wa posta Tanga mpaka nikastaafu naanzia Bern, Uswisi, mwaka 1874.

Huko ndiko ulikotiwa saini mkataba uliozaa Umoja wa Posta Duniani. Nchi zilikubaliana kwamba, kwa upande wa barua, zote ni eneo moja. Kila nchi ibaki na fedha za stempu ilizouza, na nchi inayopokea ifikishe barua kwa mwenyewe bila kudai senti. Haki iko wapi hapo? Wakubwa wale walipiga hesabu kwamba barua huzaa jibu: leo nakubebea yako, kesho utanibebea yangu, tutakuwa sawa. Utaratibu huo ulidumu karibu miaka mia, ingawa kila karani anajua kuna watu wanaoandika na kuna watu wanaoandikiwa.

Sasa tumrudie Johnson. Alizaliwa Detroit mwaka 1927, akasoma Black Mountain College, kisha akahamia New York. Alikata picha za magazeti, akazibandika, akachora vichwa vya sungura wenye pua ndefu na kuviandikia majina ya watu, akatia ndani ya bahasha na kutuma. Mara nyingi aliagiza: ongeza kitu hapa, unirudishie, au mpelekee fulani. Mtandao wa walioandikiana naye ulipewa jina la New York Correspondence School, kwa kuzifanyia mzaha shule zinazofundisha kwa barua. Wazee wetu waliojiendeleza kwa masomo ya posta wangecheka kabla hawajaelezwa.

Mwaka 1970 jumba la makumbusho la Whitney lilimpa nafasi ya maonyesho. Msanii mwingine angejaza kuta kwa kazi zake. Yeye aliwaita wenzake watume, na kilichotundikwa ni walichotuma wao. Hapo namvulia kofia. Baadaye wasanii wa posta duniani kote wakawa na kanuni zao: hakuna ada ya kushiriki, hakuna jopo la kuchagua, hakuna kurudishiwa kazi, na kila aliyetuma hupelekewa kumbukumbu ya maonyesho.

Tanga hatukuwa na jina la mambo hayo, lakini bahasha tuliziona. Kadi za salamu zilizokwenda redioni zilifika kaunta zimepambwa kwa kalamu za rangi, maua na majina ya marafiki kila pembe, hata pa kubandika stempu unapatafuta. Ukigonga muhuri, unagonga juu ya ua la mtu.

Aliyenisumbua zaidi ni msanii Ben Vautier wa Nice, Ufaransa. Mwaka 1965 alitengeneza kadi ya posta yenye mistari ya anwani pande zote mbili. Upande huu unaandika anwani moja, upande ule nyingine, stempu unabandika kote kote, kisha unatumbukiza sandukuni. Anayeamua kadi iende kwa nani ni mtu wa posta. Wahakiki wameandika mengi juu ya kadi hiyo, wakati swali lenyewe ni la kazini: je, alfajiri, mfuko uko wazi na gari linangoja, unafanyaje? Kwa utaratibu ningempelekea msimamizi. Kwa kweli ningeisukuma kwenye tundu la mji ulio karibu, nikaendelea na inayofuata. Angalau mara moja, mtu alikumbuka kwamba barua ina mkono unaoipanga.

Amerika ya Kusini mchezo ulikuwa mzito. Clemente Padín aliandaa maonyesho ya kadi za posta za kisanaa Montevideo, Uruguay, mwaka 1974, nchi ikiwa tayari mikononi mwa wanajeshi. Mwaka 1977 yeye na mwenzake Jorge Caraballo walitiwa gerezani kwa sababu ya kazi zao. Sisi huku mwaka huohuo tulikuwa tunaliona Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki likivunjika pamoja na Jumuiya, tukidhani hakuna posta yenye matatizo kuliko yetu. Wasanii wa nchi nyingi waliandika barua kudai Padín na Caraballo waachiwe. Mjini Recife, Brazil, Paulo Bruscky na Daniel Santiago walifungua maonyesho ya kimataifa mwaka 1976, ndani ya jengo la posta kuu. Polisi wakayafunga siku ileile na kuwakamata.

Na kuna Edgardo Antonio Vigo wa La Plata, Argentina, mfanyakazi wa mahakama na mchongaji wa chapa za mbao. Mwaka 1976 utawala wa kijeshi ulimchukua mwanawe, Abel Luis, aliyeitwa Palomo nyumbani. Vigo alitengeneza stempu zake mwenyewe na mihuri ya kudai Palomo aachiwe, akazitawanya kupitia wale aliokuwa akiandikiana nao. Huniambii kwamba mtu wa mahakama hakujua nguvu ya muhuri. Bahasha ikiwa na stempu halali ya serikali, stempu ya kubuni iliyobandikwa kando ni pambo tu machoni pa karani, na karani hana sababu ya kuizuia. Serikali iliyomchukua kijana ndiyo iliyobeba madai ya baba yake hadi nje ya nchi. Palomo hakurudi.

Berlin Mashariki, Ruth Wolf-Rehfeldt alikuwa na kazi ya ofisini, na chombo chake cha sanaa kilikuwa taipureta. Kuanzia miaka ya 1970 alipanga herufi na alama zikawa mawimbi, masanduku, vipepeo, akitumia karatasi za kaboni kupata nakala. Mumewe, Robert Rehfeldt, alikuwa tayari na wenzake wa posta nchi nyingi, na Ruth naye akaingia. Hakuweza kusafiri apendavyo, lakini kazi zake zilivuka mpaka kwa bei ya stempu. Baada ya Ukuta wa Berlin kuanguka, aliacha kutengeneza mwaka 1990, akisema haikuwa na haja tena.

Mwaka 2017 kazi zake ziliwekwa katika maonyesho makubwa ya documenta, Kassel. Nimetafuta picha za kazi za namna hii katika vitabu. Wapiga picha hupenda upande wenye mchoro. Wa anwani, wenye tarehe na muhuri uliogongwa na mtu wa zamu, ni nadra kuuona.