Takrima: Neno Lililofikishwa Mahakamani

Fasiri ya dhihaka si mchezo mtupu wa maneno. Katika historia yetu imekuwa kamusi ya wasio na kalamu: mkubwa huliita jambo kwa jina zuri, mdogo akalieleza maana yake. Katika miaka ya 1960, baada ya uhuru, walipozuka wakubwa wenye kupanda magari ya Mercedes-Benz ilhali wenzao wakenda kwa miguu, watu waliwaita Wabenzi. Kichekesho kimo katika sarufi: kiambishi kile kile cha Wamakonde na Wapare kikaunda kabila jipya, lisilo na mila wala asili ila gari. Rais Ali Hassan Mwinyi, aliyeiongoza Tanzania tangu 1985 hadi 1995, alipolegeza masharti ya biashara alipewa lakabu ya Mzee Ruksa. Neno la idhini likabeba sifa na kejeli kwa pamoja.

Lakini takrima lilipatwa na makubwa zaidi. Neno hili ni la ukoo mmoja na karimu na karamu, nalo tumelipokea kutoka Kiarabu likiwa na heshima yake. Mwenyeji humtukuza mgeni kwa maji, kwa kahawa, kwa mkeka mpya. Asiye na kitu hutoa uso mkunjufu, na takrima ikawa imetimia.

Mwaka 2000 Bunge la Tanzania liliirekebisha Sheria ya Uchaguzi, likaamua kwamba ukarimu wa kawaida au wa jadi, ukitendwa kwa nia njema, usihesabiwe kuwa hongo. Neno la barazani likaingia sheriani. Mitaani watu hawakukawia kulifasiri upya: takrima likawa jina la adabu la rushwa. Tazama maana ilivyopinduka. Kwa mila, mwenyeji ndiye amkirimuye mgeni. Katika kampeni, mgeni ndiye aliyewakirimu wenyeji kwa khanga na pilau, kisha akaondoka na kura zao. “Mgeni njoo, mwenyeji apone” ikapata maana wasiyoikusudia wahenga: mwenyeji alipona siku moja, akaugua miaka mitano.

Mashirika matatu ya kiraia, miongoni mwao Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, yalifungua shauri. Aprili 2006 Mahakama Kuu ilivibatilisha vifungu hivyo kuwa vinakiuka Katiba, kwani vilimbagua mgombea maskini mbele ya tajiri. Mzaha wa mitaani ukapigwa muhuri wa mahakama.

Hata hivyo, hasara imebaki kwetu wenye lugha. Sheria hufutwa kwa hukumu moja. Doa la neno halifutiki hivyo. Dhihaka ilituokoa na uongo, lakini neno likarudi nyumbani limechafuka. Na aliyedhulumiwa zaidi ni maskini, kwani takrima ndiyo zawadi aliyoweza kuitoa bila fedha. Wa kulitakasa ni yeye yule mwenyeji, kila amkirimupo mgeni asiyeomba kura.