Magazeti, Redio na Ugomvi wa Kandanda

Watu wa rika langu tunapokutana barazani, hapakosi mmoja wa kulalamika kwamba vyombo vyetu vya habari vimezidisha ugomvi wa mpira. Husema kwamba ukifungua redio, ni mkataba wa mchezaji. Ukifungua gazeti, ni mwamuzi aliyenunuliwa. Ukiwasha televisheni, ni wasemaji wawili wa klabu wakirushiana maneno kama mawifi kisimani. Kisha huongeza, kwa uhakika wa mtu aliyekwishasahau, kwamba zamani haikuwa hivyo. Mimi nilifundisha historia kwa miaka mingi, na maneno "zamani haikuwa hivyo" huniwasha masikio. Basi hebu tuitazame hiyo zamani kwanza.

Ugomvi wenyewe umeanza kabla ya wengi wa wanaolalamika kuzaliwa. Yanga iliundwa mwaka 1935, Simba mwaka 1936, na masimulizi ya wazee wa Dar es Salaam ni kwamba hii ya pili ilitokana na watu waliojitenga na ile ya kwanza. Kwa hiyo ukiyaamini masimulizi hayo, utani wa jadi ni mtoto wa ugomvi. Simba ilipita majina mengine, likiwamo la Sunderland, hadi mwaka 1971 ilipolichukua jina tunalolijua leo. Katikati ya miaka ya 1970 Yanga nao walipasuka vibaya, kundi la wachezaji na wanachama likatoka, na mwaka 1976 ikazaliwa Pan African. Hapakuwa na gazeti la michezo lililochochea hayo. Watu walichocheana wenyewe, kwa midomo yao, kwenye vijiwe vya kahawa.

Vyombo vya habari vya wakati huo vilikuwa vya kuhesabu kwa vidole. Kulikuwa na Uhuru, gazeti la chama. Mzalendo la siku ya Jumapili. Daily News kwa wanaosoma Kiingereza. Na Redio Tanzania Dar es Salaam kwa nchi nzima. Televisheni huku bara haikuwapo kabisa mpaka mwaka 1994, ingawa Wazanzibari walikuwa nayo tangu 1973 na hawakuchoka kutukumbusha. Katika chuo cha ualimu nilichofundisha, gazeti lilitufikia kwa basi siku ya pili, na mvua zikikolea siku ya nne, likiwa limekwishasomwa na dereva, utingo na karani wa posta. Habari za michezo zilikuwa nyuma, nasi wengi tulianzia huko nyuma.

Chukua mfano wa mchezo wa Agosti 1974 pale Nyamagana, Mwanza, ambao wazee wa mpira mpaka leo huusimulia kana kwamba umechezwa juzi. Simba walitangulia kwa bao la Adam Sabu. Zikiwa zimebaki dakika chache Gibson Sembuli akasawazisha, na katika muda wa nyongeza Sunday Manara akafunga la pili, Yanga wakawa mabingwa. Tuliyasikia yote hayo redioni. Kisha tukabishana, walimu na wanachuo, hadi taa za jenereta zikazimwa: je, walinzi wa Simba walilala, je, mwamuzi aliongeza dakika? Gazeti lilipofika baadaye lilikuta ubishi umekwisha kukomaa, na kazi yake ikawa ni kuukata. Mtu aliliweka mezani na kusema, "Haya, soma hapa." Mabishano yalikoma, au angalau yalipungua.

Hapo ndipo ninapoiona tofauti. Ugomvi wa mpira haukuzidi sana. Kilichogeuka ni mahali gazeti na redio vinaposimama. Zamani ubishi ulianza mtaani ukaishia gazetini. Siku hizi unaanzia gazetini na redioni, na hauna mahali pa kuishia.

Mageuzi hayo yana sababu zake, na si haki kumlaumu mwandishi kijana peke yake. Baada ya mfumo wa vyama vingi kurudi mwaka 1992, magazeti ya watu binafsi yaliota kama uyoga. Mwaka 1994 vikaja vituo binafsi vya redio na televisheni. Magazeti ya michezo matupu yakafuata. Mwanaspoti lilianza mwaka 2001, na mengine yakajipanga pembeni yake. Gazeti lisilo na ruzuku ya chama wala serikali ni lazima liuzwe, na linauzwa kwa ukurasa wa mbele unaoning'inia kibandani. Msomaji wetu ni mjanja. Husimama, mikono nyuma, akasoma vichwa vyote vya habari bure, kisha akaenda zake. Ili atoe mkono mfukoni, kichwa cha habari ni lazima kimnyime usingizi.

Tena ugomvi ni rahisi kuandikwa. Kumpeleka mwandishi Mbinga au Bukoba kutazama ligi ya mkoa ni nauli, malazi na posho. Ugomvi unahitaji simu mbili tu: moja kwa msemaji wa klabu hii, nyingine kwa msemaji wa klabu ile. Kila mmoja atamjibu mwenzake, na jibu la leo ni habari ya kesho. Redio nayo ina saa kadhaa za kujaza kila siku, na hakuna mchezo unaochezwa kila siku. Ongeza matangazo ya kampuni za kubahatisha, ambazo zinataka kijana aufikirie mpira kutwa. Fedha zenyewe si za mchezo: mwaka 2021 haki za kuonyesha Ligi Kuu ziliuzwa kwa Azam Media kwa miaka 10, kwa Shilingi bilioni 225.6. Bidhaa yenye bei hiyo haiachwi ilale hata siku moja.

Mwaka 2008, nilipokuwa karibu kustaafu ukuu wa chuo, Yanga hawakutokea uwanjani kucheza na Simba mchezo wa kumtafuta mshindi wa tatu wa Kombe la Kagame. Mji ulichemka. Niliingia darasani na magazeti matatu, ambayo sitayataja, nikawagawia wanachuo. Niliwaomba waandike mambo matatu tu: nini kilitokea, nani amesema hivyo kwa jina lake, na kanuni gani inahusika. Walifanya kazi kwa bidii, maana walikuwa vijana na somo lilikuwa tamu. La kwanza walilipata mara moja. La pili likawatoa jasho, kwa sababu karatasi zao zilijaa "imedaiwa", "habari za kuaminika zinasema", na yule ndugu asiyezeeka aitwaye "mtu wa karibu na klabu". La tatu hawakulipata hata kidogo katika magazeti yote matatu. Mwanachuo mmoja wa kike, mwenye akili kali, aliniuliza, "Mwalimu, sasa hawa wanabishana juu ya nini, ikiwa hawajui kanuni?" Nilimwambia aliandike swali hilo kama jibu lake la tatu, nami nikampa alama zote.

Swali lake bado liko palepale. Tarehe 8 Mei 2021 mchezo wa Simba na Yanga ulipangwa kuanza saa 11 jioni. Siku hiyohiyo ukasogezwa hadi saa 1 usiku. Yanga wakaja saa 11, hawakumkuta mpinzani, wakaondoka; Simba wakaja kwa muda mpya, nao hawakumkuta mtu. Maelfu ya watu waliokuwa wamelipa viingilio, wengine wametoka mikoani kwa mabasi, walirudi na tiketi mkononi. Kwa majuma kadhaa tulisomewa nani mwoga na nani jasiri. Mchezo ulichezwa Julai 3, Yanga wakashinda 1-0. Lile la muhimu kwa mwananchi, yaani nani mwenye mamlaka ya kubadilisha saa ya mchezo na kwa taarifa ya muda gani, lilipita kama mgeni asiyekaribishwa kiti.

Kwa kuwa halikukaliwa kitako, likarudi kwa sura nyingine. Usiku wa Machi 7, 2025, Simba, waliokuwa timu ngeni, walisema wamezuiwa kufanya mazoezi katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, nayo kanuni huipa timu ngeni haki hiyo. Wakatangaza kwamba kesho yake hawachezi. Machi 8 Bodi ya Ligi ikaahirisha mchezo. Yanga wakaenda uwanjani hata hivyo, na baadaye wakashikilia kwamba hawatarudia mchezo ambao wao walikuwa tayari kuucheza. Shauri likafika hadi Mahakama ya Usuluhishi ya Michezo huko Uswisi, ambayo iliwarudisha kwanza kwenye vyombo vya ndani. Mwishowe mchezo ukachezwa Juni 25, Yanga wakashinda 2-0 na kuchukua ubingwa. Ukihesabu, ni siku 109. Kwa siku 109 nchi ilikuwa na gumzo moja, na mimi, mzee mwenye nafasi ya kusoma kila kitu, nilikuwa nikitafuta taarifa iliyoandikwa na mtu aliyekwenda uwanjani kuuliza ufunguo wa geti unakaa kwa nani. Maoni niliyapata tele.

Lakini sitaki kuwa kama wale wazee wenzangu wanaouona mpira ni upuuzi. Nimefundisha vijana walioingia chuoni wakiwa hawasomi chochote isipokuwa michezo, na kwa ukurasa huohuo wa michezo wakajenga mazoea ya kusoma. Waandishi na watangazaji wa mpira wameitajirisha lugha yetu kuliko kamati nyingi: kuotea, kutoka sare, mikwaju ya penalti, kukamia mchezo. Mwalimu wa Kiswahili asiyesikiliza mpira redioni anajinyima.

Hata ugomvi una shule yake. Desemba 2022 Feisal Salum alitangaza kuondoka Yanga, akisema amerudisha Shilingi milioni 112 ili kuuvunja mkataba wake. Kamati ya Shirikisho ikasema yeye bado ni mchezaji wa Yanga. Mambo yaliendelea mpaka Juni 2023, Rais Samia Suluhu Hassan alipowaalika Yanga Ikulu baada ya fainali yao ya Kombe la Shirikisho Afrika na kuwaomba walimalize. Wakalimaliza, kijana akaenda Azam. Katika miezi hiyo nilimsikia muuza nyanya sokoni akieleza tofauti kati ya kuvunja mkataba kwa makubaliano na kuuvunja upande mmoja, kwa ufasaha ambao ningetamani kuusikia kwa walimu wanapopokea barua zao za ajira. Gazeti lililochapisha vifungu vya mkataba na kuvieleza lilifanya kazi ya elimu ya watu wazima. Lililochapisha habari za mama mzazi wa mchezaji na chakula alichokuwa akila halikufanya kazi hiyo. Nafasi iliyotumika ilikuwa ileile.

Kwa hiyo nikiulizwa kama ugomvi wa mpira unaandikwa kupita kiasi, nitajibu ndiyo, nami sitapima kwa rula. Kipimo changu ni kile kinachosukumwa nje. Oktoba ya mwaka huohuo wa 2022, miezi miwili tu kabla ya sakata la Feisal, wasichana wetu wa chini ya miaka 17, Serengeti Girls, walicheza Kombe la Dunia kule India. Walifungwa mabao manne na Japan, wakajikusanya, wakawafunga Ufaransa 2-1, wakatoka sare na Kanada, wakafika robo fainali. Wasichana wa Kitanzania walioifunga Ufaransa katika Kombe la Dunia! Mwulize kijana yeyote hapo kijiweni akutajie watatu kati yao. Kiasi cha fedha alichorudisha Feisal atakutajia bila kusita.

Nimalizie na Septemba 2025. Alfajiri ya tarehe 15, wengi wetu tukiwa bado tumelala, Alphonce Simbu wa Singida alishinda mbio za marathoni za Mashindano ya Dunia ya riadha mjini Tokyo. Yeye na Mjerumani Amanal Petros walipewa muda mmoja, saa 2 dakika 9 sekunde 48, na ikabidi picha iamue. Tofauti ilikuwa sehemu 3 kwa 100 za sekunde. Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1500 mwaka 1974, yeye na Suleiman Nyambui wakaleta fedha kutoka Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, lakini dhahabu ya Mashindano ya Dunia hatukuwahi kuipata hata mara moja. Kesho yake, tarehe 16, Simba na Yanga walikuwa wanacheza Ngao ya Jamii. Asubuhi ile redio zilimpongeza Simbu, na kwa furaha ya kweli. Hilo nalisema kwa haki. Mimi nilikaa karibu na redio yangu kutwa nzima nikitaka kusikia alifanyia wapi mazoezi, nani alimfundisha, na shule gani nchini bado ina uwanja wa kukimbilia. Saa 10 alasiri kipindi cha michezo kikafungua simu kwa wasikilizaji. Wa kwanza alitaka kujua kikosi cha kesho, wa pili akamtukana wa kwanza, na mtangazaji akacheka akawaunganisha wabishane hewani mpaka wakati wa taarifa ya habari.